Daftari la Vipimo

Jalada lake la bluu limechakaa,
ndani mna Ng'ambo yote na nusu ya Isevya:
kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono.
Watu hunidanganya umri. Futi haidanganyiki.

"Mpime tena, ile ya Januari haifungi,"
mama Mihayo akasema, akamsogeza mwanawe mbele ya kioo.
Nikafunua: kaptula ya shule, darasa la kwanza, ishirini na mbili.
Nikazungusha futi. Ishirini na tisa.
Mtoto akavuta tumbo ndani, akazuia pumzi,
macho darini kama anayengoja sindano.
Ana miaka tisa, na kujificha tayari anakujua.

"Anakula vizuri," mama akasema, kwa fahari
ya mtu aliyelelewa kwa michembe ya kuhesabiwa.
Naijua fahari hiyo. Kwetu Sikonge
aliyekonda aliulizwa nani kamroga;
aliyenona aliulizwa mumewe anafanya kazi wapi.

Asubuhi chapati mbili, chai ya vijiko vinne,
kwenye begi soda na biskuti,
saa kumi chipsi za Nkwabi, mafuta yaleyale ya juzi,
kisha televisheni, mlango una komeo,
maana uwanja waliochezea umeota fremu za maduka
na bodaboda za mtaani hazina breki wala adabu.
Akimbie huyu mtoto, akimbilie wapi?

Mama alipotoka kupokea simu, akaniambia:
"Shuleni wananiita Tangi."
Alisema kama anayetaja namba ya kiatu.
"Na usiku nakoroma. Na magoti."

Sikumjibu. Nilikuwa nimekaa.
Mimi hukaa.
Zamani nilisukuma pedali kutwa,
kama ninayepanda mlima na sifiki;
mwaka niliofunga mota watu walinipongeza,
miguu ikalala chini ya meza, ikanenepa kwa usingizi.
Ukurasa wa mwisho wa daftari una jina langu, Kalunde.
Kiuno: na mbele yake hakuna kitu.

Kitete nilikwenda kwa kizunguzungu tu.
Daktari, binti mdogo kuliko cherehani yangu, hakunigombeza.
Alisema presha. Alisema sukari iko mlangoni, haijavua viatu.
Alisema si ulafi peke yake: kuna damu ya ukoo, kuna usingizi haba,
kuna huzuni inayokaa karibu na sufuria.
Hapo nikatazama dirisha. Mume wangu ana miaka mitatu kaburini
na bado napika wali wa watu wawili.
Nilitaka dawa. Akanipa kidonge kimoja cha presha, na kazi nyingi:
mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe;
nusu ya sahani iwe mlenda, kisamvu, chochote cha kijani;
nitembee mpaka maneno yaanze kukatika.
"Usitafute kilo kumi mwezi huu, mama. Tafuta tundu moja la mkanda."

Nimerudisha pedali. Mota kanunua Shija.
Wateja wanalalamika nachelewa.
Alasiri Mihayo hunipitia, tunakwenda kwa miguu hadi stesheni
kuitazama treni ya Mpanda, inayochelewa kuliko sisi.
Siku nyingine mama yake huja, kanga kiunoni, akililaumu jua.
Soda bado anaipenda. Juzi nilimkuta nayo kwa Nkwabi,
akaificha mgongoni; nikajifanya naangalia mbuzi.

Kaptula nilishona kwa ishirini na tisa kamili,
akae bila kubanwa, mtu havai kiuno cha kesho.
Ila kwenye mshono wa nyuma niliacha inchi mbili,
kama nilivyofundishwa, kwa mtoto anayekua.
Mshono huo unafumuka kwa kupanua, na kwa kupunguza pia.

Jana usiku, mlango umefungwa, nilijizungushia futi
bila kuvuta tumbo ndani.
Nikaandika. Kwa wino.